Parafilia: Mwelekeo, Ugonjwa na Tendo
Yale wanayopima wataalamu, na yale yanayobaki kuwa wajibu wa parokia

Mintarafu ulinzi wa watoto na wa watu wazima walio katika mazingira hatarishi, Mama Kanisa amekuwa akiwahimiza wachungaji, walezi wa seminari, watawa na makatekista wapate mafunzo ya kitaalamu. Katika mafunzo hayo limo somo moja lililo gumu kutamkwa mbele ya hadhara ya waamini, nalo ni somo la parafilia, yaani mielekeo ya tamaa ya kijinsia iliyokwenda kando ya lengo lake.

Ukimya juu ya jambo hili umekuwa na gharama. Panapokosekana maarifa, familia husema, "Ana pepo, aombewe," au husema, "Ni mgonjwa, asamehewe, tuyamalize nyumbani." Kauli hizi mbili hutofautiana kwa maneno, lakini matokeo yake ni yale yale: mtoto aliyeumizwa husahauliwa. Kwa sababu hiyo tumeona vema kuwaeleza waamini, kwa lugha ya heshima, wataalamu wanaelewa nini wanapozungumzia ugonjwa huu, wanaupima namna gani, na kwa nini kipimo hicho, hata kiwe bora kiasi gani, hakiwezi kuchukua nafasi ya ulinzi ambao jumuiya nzima inadaiwa.

Mambo matatu yasiyochanganywa

Neno parafilia limetokana na maneno mawili ya Kigiriki: para, maana yake kando, na philia, maana yake upendo. Elimu ya leo humtaka mwanafunzi atenganishe kwanza mambo matatu: mwelekeo, ugonjwa na tendo.

Mwelekeo ni mvuto wa kijinsia ulio mkali na wa kudumu, unaoelekezwa kwa kitu, kwa hali au kwa mtu asiye wa kawaida katika tendo la watu wazima wawili walioridhiana. Mwelekeo upo ndani ya mtu, wala huenda usionekane kwa jirani hata mara moja.

Ugonjwa ni hatua nyingine. Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani, katika toleo la tano la mwongozo wake wa uchunguzi lililotoka mwaka 2013, kilitenganisha waziwazi mwelekeo na ugonjwa. Ili daktari aseme kwamba mtu ana ugonjwa wa parafilia, mwelekeo huo lazima uwe umedumu kwa kipindi cha miezi 6 au zaidi, kisha ama umletee mwenyewe dhiki kubwa au kuharibu maisha yake, ama uwe umemfikisha kumtendea mtu asiyeridhia. Miongoni mwa magonjwa yanayotajwa ni kuwachungulia watu katika faragha yao, kujianika uchi mbele ya wasiotarajia, kujisugua mwilini mwa mtu asiyeridhia penye msongamano, kupata raha kwa kumtesa mwingine, na pedofilia, yaani tamaa ya kijinsia kwa watoto ambao bado hawajabalehe, kwa kawaida wenye umri wa miaka 13 au chini yake. Mwongozo huo haumwiti mtu kwa jina hilo la mwisho ikiwa hajafikisha miaka 16, wala ikiwa hamzidi mtoto husika kwa miaka isiyopungua 5.

Shirika la Afya Duniani nalo lilipitia upya orodha yake ya kimataifa ya magonjwa. Toleo la 11, lililopitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, limeweka ridhaa katikati: linatazama kwanza mielekeo inayowahusu watu wasioridhia, au wasioweza kuridhia kama walivyo watoto. Mielekeo mingine huhesabiwa kuwa ugonjwa pale tu inapoleta dhiki kubwa kwa mwenyewe, au hatari ya kuumia au kufa.

Hapa muumini anahitaji ufafanuzi. Tabibu anapoliondoa jambo fulani katika orodha ya magonjwa, hatangazi kwamba jambo hilo ni jema. Tiba huuliza kama mtu anaumwa. Maadili huuliza kama tendo linamjenga mtu na kuheshimu mpango wa Mungu juu ya upendo wa ndoa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kuanzia namba 2331 inapoeleza amri ya sita, inajibu swali hili la pili, na jibu lake halitegemei orodha ya madaktari.

Jambo la tatu ni tendo. Mtu aweza kuwa na mwelekeo asitende; na mtu aweza kumdhulumu mtoto bila kuwa na ugonjwa wowote wa parafilia. Wako wanaowadhulumu watoto kwa ulevi, kwa ubabe, kwa sababu ya fursa iliyojitokeza, au kwa sababu mtoto ni dhaifu na hawezi kupinga. Tofauti hii ndiyo ufunguo wa yote yanayofuata.

Mtaalamu hupima nini

Tathmini ya ugonjwa huu ni kazi ya daktari wa magonjwa ya akili au mwanasaikolojia wa tiba aliyefundishwa mahsusi. Haifanywi na paroko, wala na kamati ya parokia, wala na mwanakwaya aliyesoma kozi ya wiki mbili.

Jambo la kwanza analofundishwa mtaalamu ni kutoridhika na maneno ya mhusika peke yake. Aliyetuhumiwa ana sababu nyingi za kuficha au kupunguza. Kwa hiyo mahojiano ya kina juu ya maisha yake tangu utotoni huunganishwa na taarifa za watu wengine, kumbukumbu za kazi, za polisi au za mahakama, na mafaili ya matibabu ya nyuma. Taarifa iliyoandikwa kwa kumsikiliza mhusika pekee ina thamani ndogo, hata iwe na muhuri wa hospitali kubwa.

Jambo la pili ni kutafuta kama kuna chanzo kingine cha mwenendo huo. Jeraha la kichwa, ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, ulemavu wa akili, kichaa cha furaha iliyopita kiasi, pombe na dawa za kulevya vinaweza kulegeza breki za mtu. Hata baadhi ya dawa za ugonjwa wa Parkinson zinajulikana kwa kuamsha tamaa isiyozuilika kwa wagonjwa wachache. Mzee ambaye hakuwahi kukosa adabu maisha yake yote, kisha akaanza kuvua nguo mbele ya wajukuu, apelekwe hospitali upesi, na wajukuu wasiachwe naye peke yao.

Jambo la tatu linawagusa sana waungamishi. Kuna watu wenye ugonjwa wa wasiwasi unaoleta mawazo ya kujirudiarudia wasiyoyataka. Mama kijana aweza kuvamiwa na wazo la kumdhuru mwanawe mchanga, akaogopa kumwogesha, akaungama jambo lile lile kila Jumamosi. Wazo hilo humtia hofu na kinyaa, wala halimletei raha. Mtu wa namna hii kwa kawaida si mwenye parafilia. Ni mgonjwa wa wasiwasi, na tiba yake ipo. Kumwita mnyanyasaji ni kumwongezea msalaba usio wake.

Lipo pia jambo la nne, ambalo ni kutofautisha uchunguzi wa ugonjwa na upimaji wa hatari. Swali la uchunguzi ni hili: je, mtu huyu ana ugonjwa? Swali la upimaji wa hatari ni jingine: je, yawezekana kiasi gani kwamba atarudia kosa? Chombo kimoja kinachotumika sana, kiitwacho Static-99, kiliandaliwa mwaka 1999 na Karl Hanson wa Kanada na David Thornton wa Uingereza. Kina vipengele 10, kama vile umri wa mhusika, makosa yake ya nyuma, na kama aliyetendewa alikuwa ndugu au mgeni. Lakini chombo hicho kilitengenezwa kwa wanaume watu wazima waliokwisha kushtakiwa au kuhukumiwa kwa makosa ya kijinsia. Hakiwezi kumpima kijana anayeomba kuingia seminari, wala mwalimu anayeomba kazi shuleni, wala mtu ambaye hakuna lolote linalojulikana dhidi yake. Kipimo cha kumtambua mnyanyasaji kabla hajatenda, kwa kumtazama tu au kwa kumpa karatasi ya maswali, hakipo.

Somo lililonunuliwa kwa gharama kubwa

Kanisa la Marekani lilijifunza jambo hili kwa machungu. Mwaka 1947 Padre Gerald Fitzgerald alianzisha huko New Mexico shirika la kuwahudumia mapadre wenye matatizo mbalimbali. Katika miaka ya 1950 aliwaandikia maaskofu kadhaa akiwaonya kwamba mapadre waliowadhulumu watoto wasirudishwe katika utume. Onyo lake halikusikilizwa ipasavyo. Katika miongo iliyofuata, imani katika tiba ya akili ilikua kuliko uwezo wa tiba yenyewe. Padre alipelekwa kwenye kituo, akapimwa, akapata taarifa yenye matumaini, kisha akapangiwa parokia nyingine ambayo waamini wake hawakuambiwa neno.

Baada ya magazeti ya Boston kuyafichua mambo haya mwaka 2002, maaskofu wa nchi hiyo walikutana Dallas mwezi Juni mwaka huo huo, wakaamua kwamba hata tendo moja la kumdhulumu mtoto, likishakubaliwa au kuthibitishwa, linamwondoa padre au shemasi katika utume moja kwa moja. Wakakiomba pia Chuo cha John Jay cha New York kichunguze ukubwa wa tatizo. Taarifa ya mwaka 2004 ilihesabu mapadre na mashemasi 4,392 waliotuhumiwa kati ya 1950 na 2002, yaani takriban asilimia 4 ya waliohudumu kipindi hicho, na watu 10,667 waliotajwa kuwa walidhulumiwa.

Taarifa ya pili, ya mwaka 2011, ilitafuta sababu, nayo ilieleza mambo mawili yanayopaswa kukumbukwa. Kwanza, waliokuwa na mwenendo unaolingana na pedofilia walikuwa chini ya asilimia 5 ya mapadre waliotuhumiwa. Pili, majibu ya vipimo vya kisaikolojia hayakuweza kuwatenganisha mapadre waliodhulumu na wale ambao hawakudhulumu. Maana yake ni wazi. Kanisa ambalo lingeweka tumaini lake lote katika kuwatafuta "wagonjwa" lingewaacha wengi wa waliotenda maovu wapite mlangoni bila kuguswa.

Hatuyasemi haya kwa kuinyoshea kidole nchi ya mbali. Taasisi yoyote yenye watoto, iwe parokia, shule, timu ya mpira au familia, inaweza kuangukia kishawishi kile kile cha kuomba cheti cha daktari ili kukwepa uamuzi mgumu.

Tathmini katika malezi ya kipadre

Je, basi saikolojia haina nafasi seminarini? Inayo, na Kanisa limeipangia mipaka yake. Tarehe 29 Juni 2008 Baraza la Kipapa la Elimu Katoliki lilitoa mwongozo juu ya matumizi ya saikolojia katika kuwapokea na kuwalea waseminari. Mlelewa huombwa ridhaa yake iliyo huru na ya maandishi, akiwa ameelezwa kinachofanyika. Mtaalamu achaguliwe miongoni mwa wenye kumwelewa binadamu kadiri ya imani ya Kikristo. Na matokeo yatunzwe kwa usiri. Kanuni ya 220 ya Sheria za Kanisa hulinda jina jema na faragha ya kila mtu, na mlelewa ni miongoni mwao. Kanuni ya 240 nayo inakataza maoni ya baba wa kiroho na ya muungamishi yasitafutwe wakati wa kuamua juu ya daraja au kuondolewa seminarini.

Mwongozo mkuu wa malezi ya kipadre wa tarehe 8 Desemba 2016 unataka uangalifu mkubwa ili asipokelewe mtu ambaye kwa namna yoyote amehusika na kosa au mwenendo wenye mashaka katika eneo hili. Mtaalamu humsaidia askofu na walezi kuona ukomavu wa hisia, upweke, uwezo wa kuwa na marafiki wa rika lake, na namna mlelewa anavyobeba mamlaka. Lakini uamuzi wa mwisho ni wa Kanisa, nao hujengwa juu ya miaka ya kuishi naye, pamoja na ushuhuda wa parokia yake. Mwamini anayeulizwa juu ya mwenendo wa kijana wa parokia yake aseme kweli kwa dhamiri safi; neno lake laweza kuwa na uzito kuliko karatasi ya maswali mia tano.

Dhambi, ugonjwa na jinai

Waamini huuliza: kama ni ugonjwa, je, ni dhambi? Katekisimu, namba 1735, inakiri kwamba uwajibikaji wa mtu kwa tendo lake unaweza kupungua, au hata kuondoka, kwa sababu ya kutojua, hofu, mazoea na mambo mengine ya kisaikolojia. Namba 1857 inataja masharti matatu ya dhambi ya mauti: jambo zito, ujuzi kamili na kukubali kwa hiari. Hivyo, mvuto ambao mtu hakuuchagua si dhambi kwa sababu tu upo. Kuukaribisha, kuulisha kwa picha za ngono na kuutekeleza ni mambo mengine.

Hata hivyo ugonjwa wa parafilia, kwa kawaida, haumwondolei mtu ufahamu wa jema na baya. Anayemvizia mtoto mahali palipofichika, akamtisha asiseme, anaonyesha kwa kujificha kwake kwamba anajua alitendalo. Ndiyo maana sheria ya nchi humwajibisha, na sheria ya Kanisa vilevile. Kwa Katiba ya Kitume Pascite gregem Dei, iliyoanza kutumika tarehe 8 Desemba 2021, Papa Fransisko aliliweka kosa la kuwadhulumu watoto katika sehemu inayohusu makosa dhidi ya uhai, heshima na uhuru wa binadamu. Kanuni mpya ya 1398 inamgusa kleri, na pia mtawa na mlei mwenye wadhifa au huduma katika Kanisa. Barua ya Vos estis lux mundi ya mwaka 2019, iliyopitiwa upya mwaka 2023, inawadai makleri na watawa watoe taarifa kwa mamlaka ya Kanisa, inataka kila jimbo liwe na mahali ambapo taarifa hupokelewa, na inakataza anayetoa taarifa asilipiziwe kisasi.

Siri ya kitubio haiguswi na lolote kati ya hayo; kanuni ya 983 inailinda kabisa. Lakini msamaha wa Sakramenti haumrudishii mtu nafasi ya kukaa na watoto, wala haufuti kesi. Muungamishi mwenye hekima atamhimiza mtubu ajisalimishe, na atafute tiba.

Anayejitambua na hajatenda

Yawezekana msomaji mmoja wa ukurasa huu anabeba mwelekeo wa namna hii kimya kimya, naye hajamgusa mtoto. Kwake tunasema: wewe si mnyama, wala hujahukumiwa kutenda. Mjini Berlin, hospitali ya chuo kikuu ya Charité ilianza mwaka 2005 mpango wa kuwatibu kwa siri watu wanaohofia kuwadhuru watoto, kabla hawajatenda. Tiba ya namna hii hutumia mazungumzo ya kitaalamu na, inapobidi, dawa za kupunguza tamaa. Haiahidi kuung'oa mwelekeo. Inamfundisha mtu kuutawala.

Kwetu Tanzania, pa kuanzia ni kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya rufaa, kama Muhimbili jijini Dar es Salaam au Mirembe mkoani Dodoma. Sala, kitubio, kufunga na mwongozo wa kiroho huambatana na tiba, wala havishindani nayo. Pamoja na hayo, mwenye kujitambua ajiweke mbali na kazi zote za kulea watoto, hata kama hakuna aliyemtuhumu. Huo nao ni upendo.

Wajibu unaobaki kwetu

Uchunguzi wa kitaifa juu ya ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika Tanzania mwaka 2009, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na takriban mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Idadi hiyo haiwezi kusubiri wataalamu wachache tulio nao wampime kila mtu. Inadai utaratibu unaomlinda mtoto bila kujali aliye mbele yake ni mgonjwa, ni mwovu au ni mtakatifu.

Utaratibu huo ni wa kawaida kabisa. Mafundisho ya Komunyo ya Kwanza na Kipaimara yafanyike mahali panapoonekana. Mtu mzima mmoja asibaki na mtoto mmoja katika chumba kilichofungwa, iwe sakristia, ofisi au nyumba ya mapadre. Katika safari za Utoto Mtakatifu na kambi za watumishi wa altare, watu wazima wasilale chumba kimoja na watoto. Zawadi za siri na ujumbe wa simu wa usiku kwa mtoto viulizwe mara moja. Mwenye kukataa utaratibu huu kwa kudai kwamba haaminiwi, aelezwe kwa upole kwamba unawahusu wote, kuanzia paroko.

Mtoto akisema ameumizwa, asikilizwe, asikaripiwe, wala asihojiwe na watu kumi kwa zamu. Afikishwe hospitali upesi, kwa maana kinga ya maambukizi ya VVU hutolewa ndani ya saa 72. Taarifa ipelekwe Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, ambako hutolewa fomu ya PF3. Simu namba 116 ya huduma kwa mtoto nayo ipo kwa ushauri. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamdai kila mwanajamii mwenye taarifa azifikishe kwa mamlaka ya serikali ya mtaa. Anayetuhumiwa akiwa mtumishi wa Kanisa, ofisi ya jimbo ijulishwe pia, bila kungoja uchunguzi wa polisi uishe.

Mtuhumiwa naye ana haki zake: asipigwe na umati, asitangazwe kuwa mkosaji kabla ya kuthibitishwa. Lakini awekwe kando na watoto tangu siku ya kwanza, kwa maana tahadhari si hukumu. Swali la kwamba ni mgonjwa au la litajibiwa na wenye elimu hiyo, kwa wakati wake na mahali pake. Mtoto hapaswi kulisubiri jibu hilo ndipo alindwe.

Bwana wetu alimweka mtoto katikati ya mitume walipokuwa wakibishana nani aliye mkubwa. Kila jumuiya inapoketi kujadili jambo zito la namna hii, imtazame kwanza yeye aliyewekwa katikati.